Jaji Augustino Ramadhani na swali lililorudishwa Bungeni

Tarehe 17 Juni 2010 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu iliyosubiriwa kwa miaka minne. Rufaa nyingi katika mahakama hiyo husikilizwa na majaji watatu. Safari hii walikaa saba, wakiongozwa na Jaji Mkuu mwenyewe, Augustino Ramadhani. Swali lilikuwa moja: je, Mtanzania anaweza kugombea urais, ubunge au udiwani bila kupitishwa na chama cha siasa? Majaji wote saba walisema hilo ni jambo la kisiasa, na mwenye kulimaliza ni Bunge.

Miaka mitatu baadaye, Juni 2013, suala la mgombea binafsi liliibuka mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Kwanza Tume ya Mabadiliko ya Katiba ilitoa rasimu yake ya kwanza, na ndani yake mgombea asiye na chama aliruhusiwa. Siku chache baadaye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikatamka kwamba Tanzania imevunja haki za raia wake kwa kumlazimisha kila mgombea apitie chama. Makamu Mwenyekiti wa Tume alikuwa Ramadhani, na Ramadhani huyo huyo alikuwa miongoni mwa majaji wa mahakama ile ya Arusha, ingawa shauri lenyewe hakulisikiliza.

Ni nadra mtu mmoja kukutana na swali moja akiwa katika nafasi tatu tofauti kiasi hicho. Historia ya utumishi wake, kwa maoni yangu, ni historia ya jaji aliyeamini kwa dhati kwamba mahakama ina mipaka, kisha akaitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuhangaika na yale yaliyobaki nje ya mipaka hiyo.

Alizaliwa Kisima Majongoo, mjini Zanzibar, tarehe 28 Desemba 1945, katika familia ya Waanglikana. Watu wa bara waliolisikia jina lake kwa mara ya kwanza walidhani ni Mwislamu. Unguja hapakuwa na wa kushangaa, maana majina na familia vimechanganyika huko tangu enzi. Alisoma bara, ikiwemo shule ya wavulana ya Tabora, shule ambayo ilimlea pia Mwalimu Nyerere, na mwaka 1970 akahitimu shahada ya sheria Dar es Salaam. Wanasheria Waafrika wakati huo walikuwa wachache, na kila ofisi ya serikali iliwataka. Yeye alikwenda jeshini. Katika Jeshi la Wananchi alifanya kazi ya sheria na kupanda vyeo hadi kuwa Brigedia Jenerali, na hata alipokwisha kuvaa joho la ujaji aliendelea kwa miaka mingi kuhesabiwa kuwa mwanajeshi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 alipelekwa Zanzibar, kwanza akiwa Naibu Jaji Mkuu na kisha Jaji Mkuu wa visiwa hivyo. Ili kuelewa uzito wa kazi hiyo inafaa kukumbuka hali ya mahakama za Zanzibar baada ya Mapinduzi. Mwaka 1970 ziliundwa Mahakama za Wananchi. Walioketi kuhukumu hawakuwa wanasheria, na mawakili hawakuruhusiwa kumtetea mshtakiwa. Mtu aliweza kushtakiwa kwa kosa zito kabisa na asiwe na mtu wa kumsemea mbele ya wale waliokuwa wakimhukumu. Ndipo akaletwa mwanasheria kijana aliyesoma jinsi ushahidi unavyopimwa, akawa miongoni mwa viongozi wa mahakama katika mazingira ambayo elimu hiyo ilikuwa imeondolewa kwa makusudi.

Mabadiliko yalikuja katikati ya miaka ya 1980. Katiba ya Zanzibar ya 1984 iliweka haki za msingi, muundo wa Mahakama Kuu ukasimamishwa upya, mawakili wakarudi, na rufaa za visiwani zikaanza kuvuka bahari kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Lakini Ramadhani ndiye aliyekuwa kwenye usukani wa mahakama za Zanzibar katika kipindi hicho, na sioni haki kuipita sehemu hii ya maisha yake kwa haraka, kama wafanyavyo wengi wanaoanza kumhesabu tangu alipokuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Kuijenga mahakama pale ilipokuwa imevunjwa ni kazi ngumu kuliko kuirithi.

Mwaka 1989 aliteuliwa kuwa Jaji wa Rufani. Mahakama aliyoingia ilikuwa bado changa. Tangu mwaka 1902 rufaa za Afrika Mashariki zilikuwa zikisikilizwa na mahakama moja ya pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mahakama hiyo nayo ilikwisha, na Tanzania ikaunda ya kwake mwaka 1979 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Majaji wake hawakukaa Dar es Salaam tu. Walisafiri kwa vikao hadi Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma, Zanzibar na kwingineko, wakisikiliza rufaa za watu ambao wengi wao hawakujua Kiingereza kilichoandikiwa hukumu zao. Jambo hilo la lugha limenisumbua kila nilipozisoma hukumu za miaka hiyo: mtu anapewa au kunyang'anywa haki yake kwa maneno anayohitaji kutafsiriwa. Sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama ilipitishwa mwaka 2021, mwaka mmoja baada ya Ramadhani kufariki.

Hati ya Haki za Binadamu ilikuwa imeingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano mwaka 1984, lakini ilianza kutumika mahakamani mwaka 1988. Kwa hiyo Ramadhani alifika Mahakama ya Rufani wakati mashauri ya kwanza ya haki hizo yalipokuwa yakipanda ngazi. Moja lilitoka Kanda ya Ziwa, la Daudi Pete, aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 ilikataza dhamana kwa kosa hilo, hata kama hakimu aliona hakuna hatari yoyote. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, mtu aliyeogopwa na serikali kwa ujasiri wake, akasema katazo hilo linavunja Katiba. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 1991 Nyalali, Lewis Makame na Ramadhani walikubaliana na Mwalusanya juu ya matokeo: uhuru wa mtu hauwezi kuondolewa kwa sheria isiyoweka utaratibu wowote wa kupima kama anastahili kubaki ndani. Lakini waliongeza jambo ambalo limekuwa likirudiwa na mahakama zetu tangu hapo, kwamba Katiba ya Tanzania imeweka haki za mtu na wajibu wake kwa jamii pamoja, na jaji hana budi kuvipima vyote viwili.

Katika kesi ya Daudi Pete mizani hiyo ilimwelekea mshtakiwa. Katika kesi ya Mbushuu ilielekea upande mwingine.

Watu wawili walikuwa wametiwa hatiani kwa mauaji huko Dodoma. Sheria ya Tanzania iliweka adhabu moja tu kwa kosa hilo, kunyongwa hadi kufa. Mwaka 1994 Mwalusanya, kwa mara nyingine, alikataa kuitoa: aliandika kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inamdhalilisha binadamu, hivyo inapingana na Katiba, akawapa kifungo cha maisha. Rufaa ilifika mbele ya Makame, Ramadhani na Damian Lubuva, na hukumu ikatolewa Januari 1995. Inasomeka kwa uzito mpaka leo. Majaji hawakujificha nyuma ya maneno laini. Walikubali kwamba kunyonga ni ukatili, na kwamba kunamvunjia mtu utu wake. Kisha wakasema Katiba hiyo hiyo inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa manufaa ya umma, na kwamba kama jamii ya Watanzania bado inaona adhabu hiyo inahitajika, si mahakama itakayoiamulia vinginevyo.

Miezi michache baadaye, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliisoma hukumu ya Mbushuu ilipokuwa ikiamua suala hilo hilo, ikaitaja, na ikafika kwenye jibu la kinyume: ikaifuta adhabu ya kifo nchini humo. Nadhani Waafrika Kusini walikuwa sahihi. Mahakama ikishakiri kwamba adhabu ni ya kikatili, ni vigumu kuona manufaa ya umma yanayotosha kuihalalisha. Hata hivyo siwezi kudharau namna Ramadhani na wenzake walivyoifikia njia yao. Walisema wazi kile ambacho serikali isingependa kukisikia, wakakiweka kwenye kumbukumbu, na wakawarudishia wananchi na wawakilishi wao mzigo wa kuamua. Ndiyo namna ile ile ya kufikiri tutakayoikuta tena mwaka 2010.

Katika miaka hiyo ya 1990 alikuwa na kazi nyingine. Tume ya Taifa ya Uchaguzi iliundwa mwaka 1993, baada ya nchi kurudi kwenye vyama vingi, na Ramadhani akawa Makamu Mwenyekiti chini ya Makame. Majaji wawili wa rufani, mmoja wa bara na mwingine wa Zanzibar, walikabidhiwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi katika kizazi kizima. Walioishi Dar es Salaam mwaka 1995 wanakumbuka jinsi vifaa vilivyochelewa na vituo visivyofunguliwa, hadi Tume ikalazimika kufuta matokeo ya majimbo yote saba ya jiji na kurudia upigaji kura mwezi Novemba. Jaji amezoea kuletewa makosa ya wengine yakiwa yameandikwa kwenye jalada. Hapo makosa yalikuwa ya chombo alichokiongoza yeye mwenyewe, mbele ya macho ya taifa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipofufuka, mahakama yake ilizinduliwa Arusha Novemba 2001, na Ramadhani akawa mmoja wa majaji sita wa mwanzo. Mwenzake kutoka Tanzania alikuwa Joseph Warioba, Waziri Mkuu wa zamani, ambaye wangekuja kufanya kazi pamoja tena. Miaka ya mwanzo mahakama hiyo haikuwa na mashauri ya kutosha. Kisha likaja la James Katabazi na wenzake dhidi ya Uganda. Mwezi Novemba 2005 Mahakama Kuu ya Uganda iliwapa dhamana watuhumiwa 14 wa uhaini, na kabla hawajakamilisha taratibu, watu wa usalama wenye silaha wakaivamia mahakama, wakawazuia wasitoke, kisha watuhumiwa wakarudishwa gerezani na kufunguliwa mashtaka ya kijeshi. Hukumu ya Arusha ya Novemba 2007 ilisema kitendo hicho kilivunja utawala wa sheria, msingi ambao nchi zote za Jumuiya ziliuapia katika Mkataba. Kati ya majaji watano waliotoa hukumu hiyo alikuwapo brigedia mstaafu, aliyejua kutoka ndani maana ya askari kutii amri.

Wakati hukumu hiyo inasomwa, alikuwa ameshateuliwa na Rais Jakaya Kikwete kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, Julai 2007, akimrithi Barnabas Samatta. Na kwenye meza yake likafika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila.

Mtikila hakuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka 1993, chama chake kikiwa hakijasajiliwa, alifungua shauri Mahakama Kuu Dodoma, na mwezi Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akaamua kwamba raia anaweza kugombea bila chama. Bunge halikusubiri. Kabla mwaka haujaisha lilipitisha mabadiliko ya Katiba yaliyokifanya chama kuwa sharti. Mtikila alirudi mahakamani mwaka 2005, na Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa ushindi tena, safari hii wakisema mabadiliko yenyewe ya Katiba yanapingana na haki za msingi zilizomo ndani ya Katiba. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa.

Jopo la Ramadhani liliwaalika wasomi kuwa marafiki wa mahakama, wakiwemo Profesa Jwan Mwaikusa na Profesa Palamagamba Kabudi. Hoja kubwa ilikuwa kama mahakama inaweza kuifuta ibara ya Katiba. India ilishasema inaweza, ikiwa ibara hiyo inavunja msingi wa Katiba. Majaji saba walikataa. Walisema Katiba yetu imelipa Bunge uwezo wa kubadili kila ibara yake kwa utaratibu uliowekwa, na mahakama haiwezi kujipa uwezo wa kufuta kile ambacho Katiba yenyewe inakisema. Mwisho wa hukumu waliweka nasaha kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Bunge, wakiwakumbusha msimamo wa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa kwamba haki ya kugombea haipaswi kufungwa kwa sharti la uanachama.

Wengi walikasirika, na naelewa kwa nini. Bunge lililorudishiwa swali lilikuwa ndilo lililoziba njia mwaka 1994, tena likiwa limejaa watu ambao wote walipita kwenye vyama. Kumwambia Mtikila aende huko kulikuwa sawa na kumrudisha kwa aliyemfungia mlango. Mahakama iliijua historia hiyo, na naamini ilipaswa kuipa uzito zaidi. Lakini wanaosema Ramadhani aliogopa serikali hawajaisoma ile nasaha. Mahakama inayotafuta kuipendeza serikali haimalizi hukumu kwa kuionyesha serikali kwamba sheria yake haiendi sambamba na viwango vya dunia.

Alistaafu Desemba 2010, alipotimiza miaka 65. Tayari Umoja wa Afrika ulikuwa umemchagua kuwa jaji wa Mahakama ya Afrika, na Mtikila akaipeleka kesi yake huko. Itifaki ya mahakama hiyo hairuhusu jaji kusikiliza shauri la nchi yake, hivyo Ramadhani hakukaa kwenye jopo. Wenzake walitoa hukumu ya Juni 2013 dhidi ya Tanzania akiwa nje ya chumba.

Ila katika Tume ya Mabadiliko ya Katiba hakuwa nje. Kikwete aliiteua mwaka 2012, Warioba mwenyekiti, Ramadhani makamu wake, Kabudi mmoja wa wajumbe. Walizunguka nchi nzima wakisikiliza wananchi viwanjani, wakulima, wavuvi, wafungwa, wanafunzi. Hapo jaji hakufungwa na hoja za mawakili wala na ibara zilizopo, maana kazi yenyewe ilikuwa kusema ibara ziweje. Rasimu ilipotoka, mgombea huru alikuwamo, pamoja na muundo wa serikali tatu uliokuja kuwasha moto mkubwa. Alichokuwa amesema kwamba si kazi ya mahakama, alikipendekeza pale alipoona kwamba ni mahali pake. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu ya maisha yake inayothibitisha kwamba msimamo wa 2010 ulikuwa wa imani. Mwoga asingelirudia jambo lile mbele ya taifa.

Bunge Maalumu la Katiba lilikaa mwaka 2014, likagawanyika, wapinzani wakatoka, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 ikaahirishwa. Haijafanyika mpaka sasa.

Septemba 2014 majaji wenzake walimchagua kuwa Rais wa Mahakama ya Afrika. Chini ya uongozi wake, Desemba mwaka huo, ilitolewa hukumu ya Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso aliyefungwa miezi 12 kwa kumkashifu mwendesha mashtaka katika gazeti lake. Mahakama ilisema kumfunga mwandishi kwa kashfa ya namna hiyo kunavunja uhuru wa kujieleza, na hukumu hiyo imetumiwa na watetezi wa waandishi katika nchi nyingi za bara hili.

Mwaka 2015 alichukua fomu Dodoma kuomba CCM impitishe kugombea urais. Hapa sikubaliani naye. Alikuwa bado Rais wa mahakama ya kimataifa, na jaji aliye kazini hafai kuwa kwenye foleni ya kuomba kura za chama, hata kama nia yake ni safi. Wala hakuwa na njia nyingine. Sheria ambayo mahakama yake ilikataa kuigusa mwaka 2010 ndiyo iliyomtaka awe na chama. Chama kikamchagua John Magufuli. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Mtikila alifariki katika ajali ya gari mkoani Pwani, akiwa ameshinda Arusha na hajawahi kuona ushindi huo ukitekelezwa nyumbani.

Kanisani watu walimjua tofauti. Kwa miaka mingi alilihudumia Kanisa Anglikana kwa elimu yake ya sheria, kazi isiyo na picha magazetini: kusoma katiba za dayosisi, kushauri maaskofu, kutuliza migogoro ya mali na uongozi kabla haijafika kortini. Baada ya kustaafu ujaji mkuu alipewa daraja ya upadri katika Dayosisi ya Zanzibar, kisiwani kwao, ambako Wakristo ni wachache na padri hujulikana na mtaa mzima.

Alimaliza muda wake Arusha mwaka 2016. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika iliamua, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, kwamba sheria ya Tanzania inayomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila muuaji inavunja haki ya kuishi. Mwezi huo huo Tanzania iliondoa tamko lake lililowaruhusu raia na mashirika kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, tamko ambalo Mtikila alilitumia.

Augustino Ramadhani alifariki Dar es Salaam tarehe 28 Aprili 2020. Wiki tatu baadaye, Mei 18, majaji watatu wa Mahakama Kuu walitamka tena kwamba kuzuia dhamana kwa sheria, bila hakimu kupewa nafasi ya kupima, kunapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 5 Agosti Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo na kukiacha kifungu kibaki. Daudi Pete alikuwa amebishaniwa upya karibu miaka 30 baadaye, na hakuna hata mmoja kati ya majaji watatu wa 1991 aliyekuwa hai kusikia.